Kumuuliza Mungu "kwa nini" ni kiburi?

SWALI: Bwana asifiwe mtumishi. Mwezi wa tatu nimemzika mtoto wangu wa kwanza, alikuwa na miaka 9, na toka hapo kila nikisali naishia kumuuliza Mungu kwa nini, kuna siku nimemuuliza kwa hasira kabisa. Nikalisema hilo kwenye maombi ya akina mama, dada mmoja akaniambia nijihadhari, hicho ni kiburi, nisije nikapigwa kama mfalme Uzia. Nimeisoma 2 Nyakati 26 na nimeogopa. Kweli nimemkosea Mungu?
Mama mfiwa, Morogoro

JIBU: Pole sana mama yangu, pole kwa msiba mzito. Nianze na jibu lenyewe usije ukakaa na hofu hata dakika moja zaidi: hapana, hujafanya alichofanya Uzia, wala hujakaribia.

Sasa twende kwa Uzia mwenyewe maana nadhani ile sura uliisoma unatetemeka ukakimbilia mwisho. Huyu alipewa ufalme ana miaka 16, akatawala Yerusalemu miaka 52, na kwa muda mrefu alikuwa mfalme mzuri tu, anamtafuta Mungu na Mungu anamfanikisha. Kawapiga Wafilisti, kabomoa kuta za Gathi na Ashdodi, kachimba visima jangwani sababu mifugo yake ilikuwa mingi, na alipenda kilimo (hapo mimi huwa nampenda sana, mfalme anayependa shamba), jeshi lake watu 307,500, na juu ya minara ya Yerusalemu kaweka mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa. Biblia inasema alisaidiwa kwa namna ya ajabu mpaka akawa na nguvu, halafu mstari unaofuata tu, palepale, alipokuwa na nguvu ndo moyo wake ukapanda.

Akaingia hekaluni na chetezo (chombo cha kufukizia uvumba) afukize uvumba mwenyewe. Mtu atasema si ibada tu jamani, kosa liko wapi? Kosa ni kwamba kazi ile Mungu aliwapa uzao wa Haruni peke yao, yani makuhani, na kwenye torati ilishaandikwa habari ya Kora aliyeitaka kazi hiyohiyo na wale watu 250 waliokufa na vyetezo vyao. Yani Uzia alitaka kumwendea Mungu kwa masharti yake yeye. Kuhani Azaria akaingia nyuma yake na makuhani wengine 80, wanaitwa mashujaa, na kweli ilihitaji ushujaa kumwambia toka humu mtu mwenye jeshi lile. Hapa mama naomba usome polepole. Ukoma, lile pigo unaloliogopa, haukumtokea alipovuka mlango, wala aliposhika chetezo, ulimtokea kwenye paji la uso wakati anawakasirikia makuhani. Mpaka dakika hiyo alikuwa bado anaweza kugeuka akatoka, na hakutaka, hakukubali kuambiwa hapana.

Akaishi nyumba ya peke yake mpaka kufa, mwanae Yothamu akishika mambo ya nchi. Hata mazishi yake yametajwa pamoja na ukoma wake. Kuna jiwe lilitambuliwa Yerusalemu mwaka 1931, limeandikwa kwa Kiaramu karne nyingi baada yake, linasema mifupa ya Uzia mfalme wa Yuda ililetwa hapa, usifungue. Mimi jiwe hilo linanihuzunisha.

Wewe sasa. Wewe huna jeshi, huna mnara, hujamsukuma mtu ukapita, umesimama mlangoni unalia na unauliza. Ayubu alizika watoto kumi na maneno aliyomwambia Mungu ni makali kuliko yako, na kweli Mungu alimjibu kwa ukali na Ayubu akanyamaza, lakini hasira yake Mungu iliwaka juu ya rafiki zake, Elifazi na wenzake wawili, waliokuwa wanamtetea Mungu kwa kumlaumu mfiwa, mpaka wakaambiwa watoe ng'ombe saba na kondoo waume saba na Ayubu huyohuyo awaombee. Yule dada usimchukie, nadhani aliogopa kwa ajili yako.

Kitu kingine, mwaka uleule aliokufa Uzia ndo Isaya alimwona Bwana kwenye kiti cha enzi, soma Isaya 6. Isaya hakujiingiza popote, alisema ole wangu, nimepotea, na serafi (kiumbe wa mbinguni mwenye mabawa) akachukua kaa la moto kutoka madhabahuni akamletea pale alipo likamgusa midomo.

Kwa hiyo endelea kumuuliza mama. Ukikosa maneno chukua Zaburi 13, ni fupi, na mwanzoni tu Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Isome kwa sauti chumbani kwako, na ukiishia kwenye hizo hata lini nne bila kufika mwisho, funga Biblia ulale, kesho utaanzia hapo.