Aina mpya ya gladiola, mpya kwa nani?

Ndugu mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Ukienda kwenye maonyesho ya maua ukakuta aina mpya za gladiola, dalia na yungiyungi, kinachokuvutia zaidi ni nini: rangi, ukubwa au umbo?" Nimelisoma swali hilo mara tatu. Rangi sina ugomvi nayo, wala ukubwa, wala umbo. Kilichonikera ni hilo neno "mpya", na nimekaa kuandika ili niwaambie wasomaji wenzangu wasipoteze pesa zao.

Mimi nalima maua hapa Tengeru, robo eka tu, na wateja wangu ni wapambaji wa harusi na akina mama wanaopamba altare. Gladiola ndiyo imesomesha wanangu. Kwa asiyeijua: ni ua la shina moja refu lenye maua yaliyopangana kutoka chini hadi juu. Mbegu yake tunaiita kitunguu, ingawa ukikikata hukuti maganda ndani, ni kigumu kama gimbi. Ukikipanda, kitunguu kipya huota juu ya kile cha zamani, cha zamani kinasinyaa kama ngozi kavu, na pembeni vinabaki vitoto vidogo kama punje za choroko. Hivyo vitoto ndivyo akiba yetu. Mtu asiyevitunza hurudi dukani kila msimu.

Sasa niwaeleze ya mwaka 2011. Kikundi chetu cha wakulima wa maua kiliandaa maonyesho ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwenye uwanja wa shule, wiki moja kabla ya Krismasi. Kulikuwa na meza ya dalia, meza ya yungiyungi, na meza ndefu yenye kitambaa cheupe iliyoandikwa "Aina Mpya". Mimi nilikuwa nimenunua vitunguu thelathini vya aina ya gladiola iitwayo Green Star kwa mfanyabiashara mmoja, bei yake mara nne ya vile vya kawaida. Ua lake ni la kijani, kijani cha ndimu changa, na petali zake zina mawimbi pembeni. Nilivipanda katikati ya Septemba nikihesabu siku tisini. Nilipalilia kwa mkono, nikapandishia udongo, nikafunga kila shina kwenye kijiti cha mwanzi. Yalipoanza kufunua nilikuwa naamka alfajiri kwenda kuyatazama kwa tochi.

Ijumaa jioni nilikata mashina sita. Kwa kuogopa upepo usiyavunje, niliyalaza sakafuni juu ya gunia bichi, nikalala na furaha. Asubuhi nilikuta ncha zote sita zimejikunja kwenda juu kama ndoano. Gladiola ndivyo ilivyo: ukiilaza, ncha hutafuta juu, na ikishakunjika hainyooki tena. Kila mkata maua anajua hilo, na mimi nilikuwa nalijua. Furaha ilinisahaulisha.

Niliyapeleka hivyohivyo. Nikayatia kwenye ndoo ya maji ya kisima, nikayasimamisha mezani, na watu wakaja kweli kushangaa ile rangi. Jumapili mchana ukingo wa kila petali ulikuwa umeungua, mstari mwembamba wa kahawia, kama karatasi iliyosogezwa karibu na mshumaa. Majaji walipita wakati huo.

Mkubwa wao alikuwa bwana shamba mstaafu, mtu mpole. Alitazama ua, akachungulia ndoo.

"Binti yangu, maji haya mnakunywa?"

"Tunakunywa, mzee."

"Basi ukifika nyumbani tazama meno ya watoto, halafu urudi utazame hili ua."

Sihitaji kuwaeleza watu wa Arusha habari ya meno. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, yanabeba floraidi, madini yanayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, na visima vingi vinazidi sana ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea mpaka. Nilichokuwa sijui ni kwamba gladiola ni katika maua yanayodhurika na floraidi upesi kuliko mengine. Hunywa, floraidi inapanda hadi ukingoni mwa petali na kuishia hapo, na hapo ndipo panapoungua. Yule mzee alinifundisha pia wanavyopima shina la maonyesho: theluthi ya chini maua yawe yamefunua, theluthi ya kati matumba yaonyeshe rangi, theluthi ya juu yabaki kijani. Langu lilikuwa na theluthi zote, ila limekunjika na limeungua. Sikupata kitu, na nililia njiani.

Lakini kilichonikaa moyoni mpaka leo ni kingine. Mwisho wa meza ileile alisimama mzee mmoja wa Kimeru aliyeshuka kutoka juu mlimani. Yeye hakukata ua. Alilileta lina mizizi yake, ndani ya kopo la rangi lililojaa udongo mweusi. Lilikuwa gladiola ya porini: maua saba au manane, mekundu yanayoelekea chungwa, kooni njano, na ile petali ya juu imeinama mbele kama kofia ya mtu anayekinga mvua. Niliinama kuitazama kwa karibu. Chini ya kofia ile chavua ilikuwa kavu kabisa, na asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha.

Nilimwamkia, nikamuuliza amelitoa wapi.

"Marahaba, mwanangu. Hili nililikuta kwa mama, nyuma ya migomba. Naye alilikuta."

Karani wa meza alikuja na daftari lake. Akamwambia kwa adabu kwamba hilo ni la porini, halimo kwenye orodha, na kwamba meza ile ni ya aina mpya. Mzee hakubishana. Alilichukua kopo lake akaliweka chini, karibu na mguu wa meza, na watu wakawa wanapita na kulipiga kikumbo.

Baadaye nilisoma habari za ua lile. Kwa kitaalamu ni Gladiolus dalenii, na linaota kuanzia Afrika Kusini hadi Uhabeshi na kuvuka hadi Arabuni. Hizi gladiola kubwa za dukani zinatokana nalo kwa sehemu kubwa. Wazungu walilipandisha na jamaa zake wa Afrika Kusini, na mwaka 1841 Louis Van Houtte, mfanyabiashara wa mimea wa Ghent kule Ubelgiji, akaanza kuuza mahuluti hayo. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20, injinia Francis Fox, aliyehusika na daraja la Maporomoko ya Victoria, alipeleka Uingereza vitunguu vya aina yake ya njano, ile yenye kofia inayozuia rasharasha za maporomoko. Wakapata gladiola za njano na rangi ya embe ambazo hawakuwa nazo. Kwa hiyo siku ile tulimuweka mama chini ya meza, mtoto tukampa kitambaa cheupe.

Mpaka hapa nilikusudia kuhitimisha kwamba aina mpya ni kutuuzia chetu kwa bei ya kigeni. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeisoma, nimeifuta.

Nimeifuta kwa sababu ya kilichofuata. Jioni ile yule mzee wa kopo alinipa vitunguu vitatu alivyokuwa navyo mfukoni, na mimi nikamuahidi vitano vya Green Star nikishachimba. Niliona aibu kumpa kitu kilichoshindwa, ila nilipeleka. Msimu uliofuata nilikinga maji ya mvua kwenye simtanki, nikasafirisha mashina yakiwa yamesimama kwenye ndoo, na lile ua la kijani likakaa wiki nzima bila doa. Mpambaji mmoja alinunua yote asubuhi moja. Mwaka wa tatu thripsi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani na maua, waliingia shambani kwangu, majani yakageuka rangi ya fedha, matumba yakakataa kufunua, na Green Star zikaisha zote. Vile vitatu vya mzee havikuguswa sana. Leo ni zaidi ya arobaini.

Nilipopanda mlimani kumsalimu yule mzee, nikakuta nyuma ya migomba yake safu ya maua ya kijani, yamenyooka, safi, pembeni ya yale mekundu ya mama yake. Akaniambia wajukuu wanayaita "maua ya binti wa Tengeru". Nilikaa kwenye kigoda nikayatazama muda mrefu, yote mawili kwa pamoja, na kusema kweli lile la kijani lilikuwa zuri. Mtu fulani alipanda mbegu, akangoja miaka miwili au mitatu kuona ua la kwanza, akatupa mamia ya miche isiyofaa, akabaki na mmoja, kisha akangoja tena vitoto viongezeke kidogo kidogo hadi vitoshe kuuza. Subira hiyo siwezi kuiita wizi.

Kwa hiyo mkinishikilia nijibu swali lenu: kinachonivutia ni ile petali ya juu. Huanza kuitafuta kofia. Nikiona ua jipya petali yake ya juu bado imeinama kidogo, najua nani bibi yake, na nafurahi. Nendeni kwenye maonyesho, na aina mpya zinunueni. Ila zisizidi tano kwa mara ya kwanza, muulize muuzaji zilizalishwa kwenye hali ya hewa ya baridi au ya joto, na kama unaishi upande wetu wa Meru usizitie maji ya kisima hata siku moja. Kama pesa ni ya ada ya mtoto, acha. Utazikuta mwakani, na bei itakuwa imeshuka. Dalia sizisemei, mambo yake ni mengine.

Na kwa waandaaji wa maonyesho, kibao chenye jina na rangi hakitoshi. Andikeni na ua limetoka kwa nani. Mwezi Desemba mwaka huu nitapeleka shina moja la yale mekundu ya mzee, ndani ya kopo la rangi, na nitaomba nafasi kwenye meza ya aina mpya. Vijana wengi wa Tengeru hawajawahi kuliona.

Msomaji wenu,
Tengeru, Arusha