Niende saiti Katavi au ofisini Dar?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni binti wa miaka 25, nimemaliza digrii ya uhandisi ujenzi mwaka jana na ndoto yangu ni kuwa meneja miradi, miradi mikubwa, barabara na madaraja. Sasa nimepata nafasi mbili kwa mpigo, moja Dar ofisini, cheo wameandika "mratibu wa miradi", hela nzuri na kiyoyozi juu. Nyingine Katavi kwenye barabara ya lami, msaidizi wa injinia wa saiti, hela ya mawazo na nakaa kambini. Mama anataka Dar. Wenzangu wanasema nikope hela nikasome PMP, kile cheti cha kimataifa cha umeneja miradi, halafu niombe umeneja moja kwa moja. Nimechanganyikiwa.
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hiyo PMP maana ndo inawatoa watu hela bure. Mwenye digrii anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza kazi za miradi pamoja na masaa 35 ya darasani ndo aruhusiwe kufanya mtihani, we hiyo miezi unaitoa wapi? Usikope.

Nenda Katavi. Najua mama atanuna ila niskilize, hicho cheo cha Dar kwa mtu asiye na uzoefu mara nyingi ni kupiga fotokopi na kuandaa chai ya vikao, nimewahi kukikalia mwenyewe. Umeneja wa miundombinu unafundishwa na saiti, na simaanishi kusimama juani kumwangalia fomeni anavyomwaga zege, namaanisha makaratasi ya saiti. Jifunze BOQ, ile orodha ya kazi zote za mkataba na vipimo na bei zake, mpaka uijue kwa kichwa, ukiona rola linashindilia moramu ujue ni aitemu gani, mita za ujazo ngapi zitaingia kwenye hati ya malipo ya mwezi, na nani anasaini kabla hela haijatoka.

Halafu dayari ya saiti, lile daftari la kuandika kila siku kilichotokea. Mikataba mingi mikubwa inatumia masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na kwenye kile kitabu chekundu cha 1999 mkandarasi akitaka kuongezewa muda au hela lazima atoe taarifa ndani ya siku 28 toka ajue, au alipotakiwa kujua, kwamba kuna tatizo. Zikipita, imekula kwake. Kampuni moja niliyofanyia kazi ilinyeshewa karibu mwezi mzima, kalvati mbili zikabebwa na maji, tukadai kuongezewa siku, mhandisi mshauri akauliza mvua ilikuwa milimita ngapi na inazidi vipi ya miaka mingine, tukabaki tunaangaliana maana dayari ilikuwa imeandikwa "mvua kubwa" basi! Hakuna hata siku moja tuliyopewa, na faini ya kuchelewa tukalipa. Usidhani kuchelewa ni kwa wadogo tu, reli ya SGR Dar mpaka Moro ilianza kujengwa 2017 na abiria wakaanza kupanda Juni 2024, sasa fikiria katikati hapo barua ngapi zimeandikwa na nani alikuwa anazitunza. Huyo anayetunza na kuelewa ndo anakuja kuwa meneja, yule mwenye sauti kubwa saiti anabaki na sauti yake.

Ila kabla hujasaini uliza vitu. Je, kuna mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, atakayekusimamia kwenye SEAP, mpango wao wa kuwanoa wahitimu kazini? Ni miaka mitatu ya kunolewa ndo uombe usajili kamili, na bila msimamizi utapiga kazi miaka mitatu na mkononi huna kitu. Na ukiona kazi yoyote wanakuachia uiongoze, hata kalvati moja na vibarua wanane, iandike tarehe na majukumu, hiyo ndo miezi yako ya PMP baadae. Uliza pia kambi ikoje, kama wanawake wana vyumba na choo chao chenye kufuli, usione aibu, wakijibu kwa kucheka basi hiyo kazi iache hata kama nimekwambia uende. Mshahara wa "tutaangalia ukifika" nao ukatae, waandike.

Mama mwambie ni mwaka mmoja kwanza. Mi ningebeba gambuti, kofia, na kipima mvua cha plastiki, hata kama kambini kipo, cha kwako unakisoma mwenyewe kila asubuhi saa tatu.