Taa ya erbagi haizimi, shemeji wa Ufaransa ametuogopesha: tukate waya?

ULIZO: Fundi, jambo. Tuko hapa Lubumbashi, Katuba. Bwana yangu alinunua Toyota Corolla ya 2004, volanti ya kuume, ilitoka Japani ikapita Dar es Salaam na Kasumbalesa, njo tunapeleka nayo batoto ku masomo. Tangu miezi miwili taa nyekundu ya erbagi, lile puto la kuokoa mtu gari ikigonga, imewaka ku tablo na haizimi, na klaksoni nayo haitoi sauti tena. Shemeji yangu anaishi Ufaransa, aliposikia tuko na gari ya zamani ya Japani akatuambia huko wamekataza gari zingine kutembea juu erbagi zinapasuka na kuua mwenye kuendesha. Fundi wa karibu na nyumba anasema atakata waya zote za erbagi na kuzima ile taa, dolari 20 mambo yaishe. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka 5 na anapenda kukaa mbele. Tumwache fundi akate?
Mama wa batoto batatu

JIBU: Mama, jambo sana, na asante umeuliza mbele ya kukata.

Nianze na mtoto juu hiyo haingoji fundi wala makuta. Kuanzia leo akae nyuma, mkanda umefungwa, hata kama safari ni fupi, hata kama ni Katuba mpaka ku komini ya Kenya tu, hapa hapa Lubumbashi. Erbagi ya mbele imepimwa kwa mwili wa mtu mkubwa, ukigawanya sekunde moja mara 30 kile kipande kimoja njo muda inatumia kufunguka, na ile nguvu ku kifua cha mtu mkubwa mwenye kufunga mkanda inaokoa, ku shingo ya mtoto wa miaka 5 inaweza kuvunja. Hapo nasema erbagi nzima, isiyo na kasoro yoyote. Akilia mumuache alie.

Sasa tuje ku gari. Muko na mambo mawili tofauti na mumeyafunga mu kifurushi kimoja, bantu wengi wanafanya vile na hata bafundi wenzangu. Kuko taa, na kuko kile shemeji alisikia. Taa mara nyingi inasema waya ao fishi fulani (kile kichwa cha kuunganisha waya) haishiki vizuri. Kile shemeji alisikia, taa haiwezi kukionyesha hata siku moja. Tafadhali mushike hiyo neno kuliko yote nitaandika hapa: gari inaweza kuwa na taa iliyozima vizuri kabisa, tablo safi, na erbagi yake ikawa bomu. Na gari yenye taa imewaka inaweza kuwa na erbagi nzuri yenye kukosa umeme tu.

Shemeji hakudanganya. Ufaransa wamesimamisha gari nyingi, zaidi Citroën C3 na DS3, juu ya erbagi za kampuni moja ya Japani, Takata. Kampuni hiyo ilikuwa inauzia karibu viwanda vyote vya magari, ku Marekani peke yake viwanda 19 vilihusika, Toyota, Honda, Nissan, Mazda, BMW, Ford na wengine, na erbagi karibu milioni 67 ziliitishwa zibadilishwe, hawajawahi kuitisha gari nyingi vile mu historia yao.

Kasoro yenyewe iko hivi. Ndani ya erbagi kuko kichupa cha chuma, ndani ya kichupa kuko vidonge vya baruti, gari ikigonga kompyuta inatuma umeme kidogo, vidonge vinawaka, vinatoa gesi, gesi inajaza puto. Takata walichagua baruti ya nitrati ya amoniamu. Wenye wamefanya kazi mu migodi ya Likasi na Kolwezi wanaijua, njo ile inachanganywa na mazuti kwa kulipua mawe, na watakuambia pia haipendi unyevu. Mu vichupa vingi Takata hawakutia dawa ya kukausha. Basi miaka inapita, mchana joto, usiku baridi, unyevu unaingia pole pole, vidonge vinaanza kulegea na kupata vitundu vidogo, na siku vinawashwa vinaungua haraka kupita kipimo, gesi inakuwa nyingi mara moja, kichupa kinashindwa kuibeba kinapasuka, vipande vya chuma vinatoboa puto vinakuja ku uso na ku shingo ya mtu. Kuko bantu walikufa mu aksida ndogo ambayo mtu angetoka na kuchubuka tu. Marekani peke yake waliokufa ni zaidi ya 25 na walioumia ni angalau 400. Kwa Bafaransa wengi wao walikufa ku maeneo yao ya joto na unyevu sawa Guadeloupe na La Réunion. Takata yenyewe ilianguka mu 2017.

Mutaniambia Lubumbashi si pwani. Ni kweli, lakini hesabu maisha ya gari yenu: miaka ngapi ya joto la unyevu kule Japani, bahari, kungoja ku porti ya Dar, halafu hapa, mwezi wa kumi gari inasimama mu jua mchana mzima mpaka volanti inaunguza mikono, mwezi wa sita asubuhi kuna baridi ya kutetemesha. Vile vidonge viko na zaidi ya miaka 20. Na uzee wenyewe ni nusu ya ugonjwa.

Corolla ya 2004 je? Mwezi wa 5 mwaka 2015 Toyota iliitisha karibu gari milioni 5 mu dunia, ndani yake Corolla na Vitz, zilizotengenezwa kati ya mwezi wa 3 wa 2003 na mwezi wa 11 wa 2007. Gari yenu inaangukia katikati ya hiyo miaka. Na mwezi wa kwanza wa 2024 waliwaambia wenye gari 50,000 za Marekani, ndani yake Corolla za 2003 na 2004 na RAV4 za 2004 na 2005, wasiendeshe tena kabisa mpaka erbagi zibadilishwe. Haina maana kila Corolla ya 2004 ni mbaya, maana kuko zenye zilibadilishwa zamani mbele ya kupanda meli. Ina maana hamuwezi kukaa bila kujua, na kujua ni bure.

Fungueni kapo, mutafute plaki ya chuma ya Toyota, kuko namba ya shasi. Gari iliyotengenezwa kwa soko ya Japani haina namba ya herufi na tarakimu 17 sawa ile ya Marekani, yake ni fupi, kwa mfano inaanza na NZE121 halafu kistari halafu tarakimu. Njo maana bantu wanaenda ku saiti ya serikali ya Marekani wanaandika namba, saiti inakataa, wanasema "gari yangu haina shida". Hapana! Saiti ile inasoma namba za 17 tu. Yenu muiandike ku saiti ya Toyota ya Japani kwenyewe, pale wanapotafutia gari zilizoitishwa. Imeandikwa kijapani, lakini simu ya mtoto wenu mkubwa inatafsiri, sehemu moja ya kutia herufi za mbele ya kistari, nyingine ya kutia tarakimu za nyuma. Linganisheni pia na kadi rozi, ile karatasi ya gari, nimeona mara mbili namba ya ku karatasi haifanani na ya ku chuma, na hapo iko matata mengine kabisa.

Kitu kingine kidogo bantu hawakijui: fungueni mlango wa mwenye kuendesha, muangalie karibu na kile chuma mlango unashikia ukifungwa. Gari ikiitishwa kule Japani kisha erbagi ikabadilishwa, mara nyingi wanabandika pale kakaratasi kadogo kenye "No." na tarakimu. Mukikakuta mupige picha. Lakini musilale juu yake, kuko gari ziliitishwa zaidi ya mara moja, na kuko zilizowekewa kichupa kipya cha muda chenye baruti ya aina ile ile, baadaye kikahitaji kubadilishwa tena. Saiti njo ina neno la mwisho. Na kwa wenye kununua sasa: tangu mwezi wa 5 wa 2018 Japani wanakataa kupitisha ku kontroli gari zenye hatari kubwa za Takata ambazo hazijatengenezwa, kwa hiyo gari iliyotoka kule mbele ya mwaka huo muiangalie mara mbili.

Kama saiti inasema gari yenu imeguswa na haijatengenezwa, muandike namba, mupige picha ya ukurasa, muende nayo ku ajensi rasmi ya Toyota ya hapa. Kuitishwa kwa usalama kiwanda njo kinalipa, mwenye gari halipi, na mutaongea vizuri zaidi mukiwa na namba mu mkono kuliko kwenda kusema "tulisikia". Muombe jibu kwa maandishi. Na wakati munangoja, kiti cha mbele cha abiria kibaki wazi. Si mimi nimetunga hiyo: mu 2014 piesi zilipokosekana, Toyota yenyewe ilikuwa inazima erbagi ya abiria na kuwaambia wenye gari mtu asikae pale mpaka itengenezwe. Gari yenu ni volanti ya kuume, basi kiti chenyewe ni cha kushoto, pale mtoto anapenda.

Turudi ku taa na klaksoni. Hivi viwili vikifa pamoja, mara nyingi mwenye kosa ni spirali, ule utepe wa waya unaojikunja chini ya volanti, unaopeleka umeme wa klaksoni na wa erbagi ya mwenye kuendesha. Ukikatika, vyote viwili vinanyamaza, na siku ya aksida puto la mbele yako linaweza kukosa kufunguka. Hiyo inatengenezeka. Lakini mutafute fundi wa umeme mwenye mashini inayosoma erbagi, maana zile skana ndogo za bei ya chini zinasoma injini tu, zitamwambia gari ni nzima. Mbele ya kugusa volanti atoe batri na angoje angalau sekunde 90, juu ndani kuko umeme uliobaki wa kuweza kuwasha. Asipime erbagi yenyewe na multimeta hata kidogo, ule umeme mdogo unaweza kuilipua mbele ya uso wake. Na akiitoa, ailaze ku meza, upande wa alama ya Toyota ukiangalia juu. Mukimuona anailaza kifudifudi mumuombe kwa heshima aache, muende kwingine.

Kukata waya, mama, sikubali. Waya za erbagi zina fishi za manjano, fundi mwenye kujua akitaka kuzima erbagi mbaya anachomoa fishi, hakati, ili kesho irudishwe. Na taa ibaki imewaka! Taa njo inamkumbusha kila mtu mwenye kupanda kwamba gari hii haina puto. Ile ya kuizima nimeiona mara mingi sana: wanaunganisha taa ya erbagi na ya mafuta ya injini, zinawaka pamoja zinazima pamoja, mwenye kununua anafurahi. Siku moja niliondoa kifuniko cha mbele ya abiria mu gari ya familia moja, ndani nikakuta sponji ya godoro. Baba alikuwa ameendesha batoto miaka miwili anaamini iko na erbagi. Nilikosa hata cha kumwambia.

Njia ya kujua munaweza kufanya ninyi wenyewe kwa gari yoyote munataka kununua: weka kontakti, usiwashe injini. Taa ya erbagi inapaswa kuwaka, ikae karibu sekunde 6, halafu izime yenyewe wakati injini bado imelala. Ya mafuta na ya batri zinabaki zimewaka. Kama ya erbagi inangoja injini iwake njo izime nayo pamoja, wameifunga. Kama haiwaki kabisa, wametoa ampule.

Fundi akiwaambia atawapatia erbagi ya okazio iliyotoka ku gari iliyogonga, mukatae pia. Hamjui umri wake, hamjui namba yake, inaweza kuwa ile ile Takata tunakimbia. Spirali ya okazio nzima ni sawa, erbagi hapana.

Mkanda uendelee kufungwa na wote, hata wa nyuma, erbagi ni msaidizi wa mkanda, haichukui nafasi yake. Na bwana asogeze kiti chake nyuma kidogo, kati ya kifua na katikati ya volanti ipatikane angalau sentimeta 25, wengi hapa tunaendesha tumekumbatia volanti.

Mpangilio wenu basi: leo mtoto nyuma, kesho namba ya shasi, na spirali ingoje jibu la namba, maana kama erbagi ya mwenye kuendesha nayo itaonekana mu orodha, hakuna faida ya kuirudishia umeme mbele haijabadilishwa. Yule jirani wenu wa dolari 20 mumwambie bado, na kama anapenda anipitie ku garaji nimuonyeshe zile fishi za manjano.