Tamasha la filamu mtaani: maswali ya wasomaji na majibu

Wasomaji wanne wanaokusudia kuandaa tamasha dogo la filamu za masuala ya kijamii wametuandikia. Maswali yao tumeyafupisha.

Tumechagua filamu kuhusu ualbino, ulemavu na haki za wanawake, lakini mwenzetu anasema watu watachoshwa na mahubiri. Je, ni kweli? (Tanga)

Mwenzenu ana hoja. Filamu inayomwonyesha mtu mwenye ualbino kama wa kuhurumiwa tu humwacha mtazamaji pale pale alipokuwa, ilhali ile inayomwonyesha akibishana na mwenye nyumba juu ya kodi, au akitaniwa na wifi yake, humfanya jirani amwone kuwa jirani. Waingizeni wale ambao filamu hizo zinawazungumzia katika kamati ya kuchagua filamu, badala ya kuwaalika usiku wa ufunguzi kutoa neno la shukrani.

Viziwi na wasioona watafaidika nini na filamu? (Mombasa)

Mengi, mkijiandaa. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kinataja filamu waziwazi miongoni mwa mambo wanayostahili kuyapata kwa njia wanazoweza kuzitumia. Kwa viziwi, tafuteni nakala zenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Mkalimani wa lugha ya alama naye awekewe taa ndogo inayomulika uso na mikono, na viti vya mbele vya upande wake viachwe wazi kwa ajili yao. Nimeona mkalimani hodari akisimama gizani kuanzia mwanzo hadi mwisho, asionekane na yeyote. Aendelee pia wakati wa mjadala, kwa kuwa huko ndiko viziwi husahaulika zaidi.

Kwa wasioona, tunayo hazina ambayo waandaaji wengi huidharau. Mabanda ya video yametuzoesha wasimuliaji wanaotafsiri filamu papo hapo, kama marehemu Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya. Msimuliaji wa namna hiyo, akipunguza mbwembwe na kusema pale tu wahusika wanaponyamaza, anaweza kueleza nani ameingia, ameshika nini na uso wake ukoje. Mpeni filamu mapema aitazame zaidi ya mara moja. Ikiwa uwanja wenu ni wa mchanga, lazeni mbao kutoka barabarani hadi kwenye viti, la sivyo mwenye kiti cha magurudumu ataishia langoni.

Mwaka jana walijaa wanaume na watoto. Akina mama tuwavuteje? (Kigoma)

Tazameni saa. Skrini ya nje hungoja giza, yaani kama saa moja usiku, ambapo jikoni bado kuna kazi na njia ya kurudi nyumbani inatisha. Onyesheni filamu mchana pia, katika darasa lililozibwa madirisha kwa vitambaa vizito, na pawe na mtu wa kuangalia watoto. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, halikuishia Ngome Kongwe, bali lilipeleka filamu hadi vijijini Unguja na Pemba. Kuwafuata watu walipo kunafaa kuliko matangazo ya kipaza sauti.

Filamu tumenunua wenyewe dukani. Bado tunahitaji ruhusa? (Morogoro)

Ndiyo, na ni ruhusa mbili tofauti. Kununua nakala hakukupi haki ya kuionyesha hadharani, kwa hiyo mwombeni mwenye filamu kwa maandishi. Kisha ulizeni Bodi ya Filamu Tanzania kuhusu kibali cha maonyesho. Kwa walio Kenya ni Bodi ya Kuainisha Filamu. Anzeni na mwenye filamu, mkimweleza tarehe, mahali na kwamba hakuna kiingilio, kwa sababu watengenezaji wa filamu fupi mara nyingi hukubali bila malipo wakielezwa hivyo mapema.