Umepika Nini Jioni? Maswali ya Wasomaji wa Nairobi

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaoishi Nairobi watuandikie walichopika kwa chakula cha jioni siku ya kawaida ya kazi, si siku ya wageni wala ya sikukuu, kisha watuulize jambo lolote lililowatatiza. Barua zilizotufikia zinadhihirisha kwamba mapishi ya siku za kazi yana ustadi wake, ingawa hayasifiwi kama pilau ya harusi. Anayeshuka matatu saa moja na nusu usiku, huku watoto wana njaa na hajui gesi imebaki kiasi gani mtungini, hana budi kujua ni kazi ipi ilipaswa kufanywa asubuhi na ni ipi isiyofaa kufanywa mapema. Na kwa maoni yangu, hilo ndilo linaloyaunganisha karibu maswali yote yanayofuata. Barua nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaacha.

SWALI: Jana nilipika githeri, yaani mahindi na maharagwe, nikaikaanga kwa vitunguu, karoti, nyanya na dania, lakini tulikula saa nne usiku kwa sababu maharagwe yalikataa kuiva. Nilizaliwa Mombasa, na mama yangu huko huchemsha maharagwe ya aina hiyo hiyo kwa muda mfupi zaidi. Jirani amenishauri nitie magadi. Je, tatizo ni maharagwe, ni jiko, au ni mimi?
*Mama wa watoto watatu, Umoja*

JIBU: Dada yangu, kosa si lako, na huenda si la maharagwe pia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni dogo kuliko pwani, na kwa sababu hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi za sentigredi badala ya nyuzi 100 kama ilivyo Mombasa. Hata ukiongeza moto hadi mfuniko ucheze, maji hayo hayatapata joto zaidi ya hapo. Yatakauka upesi tu na gesi itakwisha. Nyuzi sita huenda zikaonekana kuwa chache, lakini kwa punje ngumu kama maharagwe na mahindi makavu tofauti hiyo huongeza sana muda wa kupika, na ndiyo maana muda anaoujua mama yako hautoshi huku, ingawa kwake ni sahihi kabisa.

Dawa yake huanza kabla ya jiko kuwashwa. Loweka maharagwe usiku wa kuamkia siku ya kupika, au asubuhi kabla ya kutoka, katika maji mengi yaliyotiwa vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa kila lita. Wengi wetu tulifundishwa kwamba chumvi huyafanya maharagwe kuwa magumu, lakini chumvi ya kulowekea hulainisha ganda. Kinachochelewesha kuiva ni nyanya, limau na vitu vingine vichachu, kwa hiyo umefanya vyema kuweka nyanya zako wakati wa kukaanga. Baada ya kuloweka, mwaga maji hayo na uchemshe kwa maji mapya. Jambo jingine ni umri wa maharagwe yenyewe: yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hukaza hivi kwamba hata uyachemshe mchana kutwa hayalainiki vizuri. Muulize anayekuuzia kama ni ya mavuno ya juzi au ya msimu uliopita, na usione haya kuuliza.

Magadi hufanya kazi, sikatai, kwa kuwa hulegeza ganda la punje haraka. Lakini huharibu vitamini B1, ambayo ni miongoni mwa faida kubwa tunazopata katika maharagwe, na yakizidi huacha ladha ya sabuni. Mimi nisingeyatumia katika chakula cha watoto cha kila wiki.

Ukiweza kuweka akiba kidogo kidogo, nunua sufuria ya presha, kwani katika mji ulio juu kama huu huleta nafuu kubwa kuliko kifaa kingine chochote cha jikoni. Mvuke unaofungiwa ndani huyawezesha maji kupita nyuzi 110, na maharagwe yaliyolowekwa huiva kwa takriban nusu saa. Usiijaze kupita nusu, kwa sababu povu la maharagwe linaweza kuziba tundu la mvuke. Mahindi makavu huchukua muda mrefu zaidi kuliko maharagwe, kwa hiyo yatangulize; au tumia muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa ganda, ambayo huiva upesi zaidi.

Wasomaji kadhaa wametaja kikapu cha kupikia bila moto, kile kilichoshonewa vitambaa na sponji ndani ili sufuria iendelee kuiva kwa joto lake. Nakipenda, lakini nina onyo moja ambalo naliomba lisomwe kwa makini. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na sumu hiyo huondoka kwa kuchemka kikamilifu tu. Joto la chini lisilofikia kuchemka haliitoi. Kwa hiyo yachemshe kwa moto mkali kwa nusu saa nzima kabla ya kuyatia kikapuni, hata kama muuzaji wa kikapu alikwambia dakika tano zinatosha.

Hatimaye, usichemshe maharagwe ya jioni moja. Chemsha Jumamosi, yagawe yakiwa bado hayajakaangwa, na uyahifadhi katika friji kwa siku tatu au kwenye barafu kwa muda mrefu zaidi. Jumatatu yatakuwa githeri, Jumanne yawe madondo ya kuliwa kwa chapati, na kila jioni kazi yako itakuwa ni kukaanga tu. Asiye na friji achemshe ya siku ile ile.

SWALI: Tulikula ugali, mayai na managu. Watoto wanalalamika kwamba managu ni chungu, kwa hiyo huyachemsha mara mbili na kumwaga maji. Je, ninafanya sawa?
*Msomaji, Kawangware*

JIBU: Uchungu unautoa, lakini pamoja nao unamwaga sehemu kubwa ya vitamini C na nyinginezo zinazoyeyuka majini. Badala yake, changanya managu na terere au kunde, ambazo ni pole, kwa kiasi kinacholingana, uzipike kwa maji machache na vitunguu, na mwishoni utie maziwa au malai. Wapishi wa magharibi mwa Kenya hupika managu na mboga ya saga kwa maziwa tangu zamani, na maziwa hayo hutuliza uchungu. Wakati wa kuchambua, tupa vitunda vya kijani vilivyoshikamana na majani, kwa maana vikiwa vibichi vina sumu. Chambua na uoshe usiku uliotangulia ukitaka, lakini kukatakata ngoja hadi wakati wa kupika.

BARUA BILA SWALI: Mimi ni mwenye wajukuu. Juzi nilipika mukimo wa viazi, mahindi mabichi na majani ya malenge, pamoja na mchuzi wa minji na karoti. Nawaambia vijana wasiogope mukimo kwa kudhani ni chakula cha sherehe tu.
*Bibi wa Dagoretti*

JIBU: Shikamoo, Bibi. Tumeupokea ushauri wako kwa mikono miwili. Nitaongeza jambo moja kwa ajili ya wale ambao mukimo wao hutoka na rangi ya majani makavu: majani ya malenge yamenywe nyuzi zake, yachemshwe peke yake kwa dakika chache, kisha yapondwe na kuchanganywa na viazi wakati wa kusonga. Yakiwekwa tangu mwanzo na kufunikwa mpaka viazi viive, ukijani wake hupotea na ladha nayo hufifia.

SWALI: Ninaishi peke yangu katika chumba kimoja. Nilipika omena na sukuma wiki, na harufu ikabaki katika nguo na matandiko. Nataka kuendelea kula omena kwa kuwa bei yake naimudu. Nifanyeje?
*Kijana wa Roysambu*

JIBU: Endelea kuzila, ndugu yangu, kwa sababu omena huliwa nzima pamoja na mifupa yake, na hivyo hukupa madini ya chokaa ambayo minofu ya samaki mkubwa haikupi. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu, uyabadilishe hadi mchanga uishe, kisha uzikamulie limau na kuziacha kidogo, kwa kuwa uchachu hupunguza harufu ya samaki. Zikaushe vizuri kabla ya kuzitia katika mafuta yaliyopata moto, maana omena zenye maji huchemka badala ya kukaangika, na mvuke huo ndio unaoisambaza harufu chumbani. Kaanga za siku mbili kwa mara moja, na nguo ziwe zimefungiwa kabatini au sandukuni. Dirisha liwe wazi, na ikiwa unatumia jiko la makaa, jambo hilo si la harufu tena bali ni la uhai: moshi usioonekana wa makaa huua katika chumba kilichofungwa.

SWALI: Nilipika maharagwe ya nazi na wali kama tulivyozoea kwetu Likoni, lakini tui lilikatika, mafuta yakaelea juu na chini kukabaki chengachenga. Nazi nilinunua Marikiti na niliikuna mwenyewe kwa mbuzi.
*Baba wa nyumba, South B*

JIBU: Ndugu yangu, nazi haina lawama. Nashuku uliyatia matui yote mawili pamoja ukaacha mchuzi uchemke kwa nguvu. Kumbuka desturi ya kwenu: tui la pili, lile jepesi, ndilo linalopikia maharagwe, na tui zito huwekwa mwishoni kabisa, moto ukiwa mdogo, huku ukikoroga pole pole kwa upande mmoja bila kufunika sufuria. Tui ni mafuta yaliyotawanyika katika maji, na mchemko mkali huyatenganisha. Huku Nairobi kuna kishawishi zaidi cha kukosea, kwa sababu maharagwe yanapochelewa kuiva mpishi huongeza moto tui likiwa tayari limo. Usilitie tui zito mpaka punje ibonyezeke kwa vidole. Ndimu au ukwaju, kama unapenda, viingie baada ya sufuria kuepuliwa. Hii ni kazi ya jioni yenyewe. Nazi iliyokamuliwa asubuhi na kuachwa mezani itakuwa imechacha.

SWALI: Mume wangu ni mlinzi wa usiku. Jioni hupika wali wa pishori na ndengu, na sehemu yake huiacha katika sufuria juu ya meko hadi arudi asubuhi, kisha naipasha. Mara mbili tumbo limemsumbua.
*Msomaji, Kayole*

JIBU: Pole sana, dada. Siwezi kusema kwa yakini kwamba ni wali uliomdhuru, lakini jinsi unavyouhifadhi ni ya hatari na yafaa ibadilike leo. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa usiku kucha katika uvuguvugu wa jikoni, mbegu hizo huchipuka na kutoa sumu, na sumu mojawapo haiharibiki kwa kupashwa moto. Ndiyo sababu kiporo kinaweza kutoa mvuke vizuri, kikanukia vizuri, na bado kikamwumiza mtu. Utandaze wali wake kwenye sinia ili upoe upesi, uutie katika chombo chenye mfuniko, na uwe ndani ya friji kabla ya saa mbili kupita tangu uive. Asubuhi uupashe hadi utoe mvuke kote. Kama hamna friji, ndengu zake nazo zisilale mekoni, na wali au ugali mpikie asubuhi anaporudi. Ni dakika ishirini tu za kazi, nami naona zinastahili kwa mtu aliyekesha.

SWALI: Kliniki wameniambia damu yangu ni kidogo na wakanipa vidonge vya madini ya chuma. Chakula chetu cha jioni ni ugali, sukuma wiki na maharagwe, na sisi sote hunywa chai ya maziwa papo hapo. Je, nibadilishe chakula?
*Mama mjamzito, Githurai*

JIBU: Chakula chako ni kizuri, ibadilishe saa ya chai. Majani ya chai yana kitu kinachoshikamana na madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe, hata mwili ukashindwa kuyafyonza vizuri. Chai na ingoje saa moja au mbili baada ya kula, na mezani kuwe na chungwa, au kachumbari iliyokamuliwa limau, kwa sababu vitamini C hufanya kinyume cha chai na huusaidia mwili kuyapokea madini hayo. Kipande kidogo cha nyama au samaki ndani ya mboga pia huongeza kiasi kinachofyonzwa. Angalia unga wako vilevile: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe madini ya chuma na vitamini, jambo ambalo kwa kawaida halifanyiki katika ule unaosagiwa kwenye kinu cha mtaani; kwa hiyo ikiwa unapenda wa kusaga, zingatia zaidi hayo mengine niliyoyataja. Vidonge endelea navyo kama ulivyoelekezwa, ukivimeza kwa maji au maji ya chungwa, kamwe si kwa chai, na tarehe ya kurudi kliniki usiikose.