Faili la Mgonjwa na Karatasi ya Kufungia Karanga

Majuma haya nimeletewa maswali mengi kuhusu usiri wa taarifa za wagonjwa, mengine kutoka kwa wagonjwa wenyewe na mengine kutoka kwa watumishi wa afya wa hapa Mwanza na wa visiwani. Nimechagua sita. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi katika masijala ya wagonjwa, kwa hiyo pale nitakapoonekana mkali, msomaji aelewe kwamba nawasema wenzangu na mimi mwenyewe nikiwamo.

Nilinunua karanga karibu na mwalo wa Kirumba, na nilipomaliza kuzila nikaona kwamba karatasi iliyofungiwa ilikuwa fomu ya maabara yenye jina la mtu, umri wake, mtaa anaoishi na majibu ya vipimo vyake. Niliichanachana. Je, nilifanya sawa? (Mama wa Kirumba)

Mama yangu, nia yako ilikuwa njema, na umemsitiri mtu usiyemjua. Hata hivyo, likikutokea tena, usiichane. Itie kwenye bahasha, uifunge, uipeleke kwa mganga mfawidhi wa kituo kilichoandikwa juu ya fomu hiyo, kwa kuwa karatasi ya namna hiyo haitembei peke yake, na palipotoka moja huenda pametoka robota zima. Usiipige picha ukaitupia kwenye kundi la mtaa ili kulalamika, maana utakuwa umemfikishia aibu yule mgonjwa hata kwa majirani wasiokula karanga.

Namna karatasi hizi zinavyotoka naijua vizuri. Mwaka mmoja, mvua za masika zilipovuja ndani ya stoo ya kituo nilichokuwa nikifanya kazi, tuliagizwa tutenge mafaili yaliyopitwa na wakati ili yateketezwe. Tuliyafunga kwa kamba za katani, tukayapanga varandani, na kwa kuwa tanuri la kuchomea taka lilikuwa na kazi nyingine siku hiyo, tukayaacha hapo hadi kesho yake. Asubuhi marobota mawili hayakuwapo. Hakuna aliyekuwa ameandika popote idadi ya marobota yote. Mimi nilijua kwamba yamepungua kwa sababu moja kati ya hayo mawili ndilo nililokuwa nimelikalia jana yake nikinywa chai. Mnunuzi wa karatasi hupima kwa kilo na hasomi kilichoandikwa, na muuza karanga naye anatafuta karatasi ngumu isiyochanika. Kosa lilikuwa letu sisi tuliodhani kwamba faili likishatoka kwenye rafu si faili tena.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haihusu kompyuta tu kama wengi wanavyodhani. Inagusa taarifa ya mtu iliyohifadhiwa kwa namna yoyote ile, karatasi ikiwamo, na taarifa za afya imeziweka katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji uangalizi wa ziada. Kituo kinachoteketeza mafaili kinapaswa kuyahesabu, kuyaorodhesha, na kumweka mtumishi mwenye dhamana asimame hapo hadi yawe majivu.

Kituoni kwetu sote tunaingia kwenye mfumo kwa nywila moja, ambayo imeandikwa kwenye kipande cha plasta ya kidonda na kubandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta. Mganga mfawidhi anasema kwamba tunaaminiana. Je, kuna ubaya? (Muuguzi, Nyamagana)

Upo, dada yangu, na wa kwanza kuumia unaweza kuwa wewe. Mfumo wa kumbukumbu huandika ni nani aliyefungua faili gani na saa ngapi. Mkiwa watu kumi na wawili ndani ya jina moja, siku majibu ya kipimo cha mtu yatakaposikika sokoni, kumbukumbu itaonyesha jina hilo moja, na mwenye hatia hatajulikana wala asiye na hatia hatakuwa na cha kujitetea nacho. Kuaminiana ni jambo jema sana kazini, lakini hakumzuii ndugu wa mgonjwa aliyesimama mbele ya dirisha la mapokezi kusoma kilichoandikwa kwenye plasta.

Wengi wakisikia habari ya kuvuja kwa taarifa humfikiria kijana mdukuzi aliye nchi ya mbali. Januari 2019 Wizara ya Afya ya Singapore ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wanaoishi na virusi vya Ukimwi zilikuwa zimewekwa hadharani kwenye intaneti, na aliyehusishwa na kuvuja huko alikuwa mwenzi wa daktari aliyewahi kuwa na ruhusa halali ya kuifikia sajili hiyo. Hapakuwa na haja ya kuvunja mlango, kwa sababu ufunguo ulikuwa mikononi mwa mtu wa ndani. Hapa kwetu, Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inataka majibu ya vipimo hivyo yawe siri, na mtumishi wa afya anayevunja siri hiyo anatenda kosa. Kila mtumishi awe na jina lake na nywila yake, aone tu kile ambacho kazi yake inakihitaji, na anayehama kituo afungiwe siku hiyo hiyo anayokabidhi ofisi. Plasta ibaki kwenye vidonda.

Nina zahanati ndogo Sengerema yenye kompyuta mbili. Nasikia wadukuzi wanafunga mafaili ya hospitali na kudai fedha. Nani atahangaika na mimi?

Hakuna atakayehangaika na wewe kwa jina, mzee wangu, na hapo ndipo hatari ilipo. Programu hasidi za aina hii hazichagui hospitali kwa ukubwa. Huzunguka kwenye intaneti zikijaribu kila mlango, na wakati mwingine huletwa kwa baruapepe au kwa flashi iliyopita kwa mpiga fotokopi. Mei 2017 programu iliyoitwa WannaCry ilivuruga hospitali nyingi za Uingereza, miadi ikafutwa na baadhi ya wagonjwa wakaelekezwa kwingine, ilhali marekebisho ya udhaifu ambao programu hiyo iliutumia yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huo. Juni 2024 ilikuwa zamu ya maabara za taifa za Afrika Kusini: mashine za kupima ziliendelea kufanya kazi, lakini majibu hayakuweza kuwafikia madaktari kwa njia ya kawaida, na wavamizi walikuwa wamefuta hata sehemu ya nakala za akiba.

Somo la Afrika Kusini ndilo linalokuhusu zaidi. Nakala ya akiba iliyounganishwa na kompyuta saa zote hufungwa au kufutwa pamoja na kompyuta yenyewe. Nunua diski mbili za nje, uzitumie kwa zamu; moja ikiwa imechomekwa jioni kwa ajili ya kunakili, nyingine iwe nje ya jengo, ndani ya kabati linalofungwa, na ziwekewe nywila ili atakayeiba diski asipate pia wagonjwa wako. Mara moja kila mwezi jaribu kurudisha faili moja kutoka kwenye nakala, kwa maana nimeona watu walionakili kwa miaka miwili diski iliyokuwa imekufa zamani. Ruhusu kompyuta ijisasishe. Na kwa kuwa umeme wetu unajulikana, weka betri ya akiba pamoja na daftari la karatasi mezani, ili siku mfumo ukisimama, kwa mdukuzi au kwa kukatika umeme, mama mwenye mtoto anayechemka asiambiwe arudi kesho.

Nafanya kazi kisiwani Ukerewe. Nikipata kidonda kinachonitatiza, hukipiga picha na kumtumia daktari bingwa aliyeko Mwanza kwa WhatsApp. Je, navunja sheria?

Kumwomba daktari mwenzako ushauri ili mgonjwa apone ni sehemu ya tiba, na mtu anayefahamu safari ya meli kutoka Nansio hawezi kukukataza. Kinachotakiwa ni adabu ya kazi hiyo. Mwombe mgonjwa ruhusa kwa lugha anayoielewa. Piga kidonda bila kupiga uso, uangalie pia nyuma yake, kwani nimewahi kuona picha ya mguu ambayo pembeni yake kadi ya kliniki ilisomeka jina hadi namba ya simu. Mtumie daktari mmoja mnayeshauriana, wala si kundi lenye watu themanini ambamo wengine walishaacha kazi.

Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa msimbo unapokuwa njiani, lakini ukishafika picha hujihifadhi ndani ya simu, mahali ambapo mtoto anayetafuta katuni huikuta. Zima uhifadhi huo wa moja kwa moja, funga simu kwa nywila, na ushauri ukishaandikwa kwenye faili la mgonjwa, futeni picha pande zote mbili.

Mwajiri wangu anataka hospitali impe majibu yangu ya vipimo. Je, ana haki hiyo?

Mwajiri anaweza kuhitaji kujua kama unaifaa kazi na unahitaji mapumziko ya siku ngapi. Kwa hilo cheti cha daktari kinatosha. Majibu yenyewe ni yako, na hospitali haipaswi kuyatoa bila idhini yako isipokuwa pale sheria inapoelekeza. Wakiyatoa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kuziona taarifa zako na kuomba zirekebishwe kama zimekosewa, jambo ambalo wagonjwa wachache sana hulitumia.

Nilikuwa namuuguza mume wangu wodini. Mtu akanipigia simu akijiita daktari, akataja jina la mume wangu, wodi na hata namba ya kitanda, akataka nitume fedha haraka kwa ajili ya sindano. Nilituma. Baadaye nikaambiwa hakuna daktari huyo. Aliyajuaje yote hayo? (Misungwi)

Pole sana, dada yangu. Usijilaumu, aliyetajiwa kitanda cha mumewe saa nane za usiku hawezi kuanza kuchunguza sauti. Hospitali ya umma hupokea malipo kwa namba ya kumbukumbu ya malipo au kwenye dirisha la mhasibu kwa risiti, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi, na ukipigiwa tena hatua ni kukata simu na kutembea hadi meza ya wauguzi. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ukatoe taarifa polisi, kisha mweleze muuguzi mkuu wa wodi siku na saa uliyopigiwa, kwa kuwa saa hiyo ndiyo itakayowasaidia kujua ni nani walikuwa zamu na nani walifungua faili.

Ama alivyojua, mara nyingi haihitaji kompyuta. Jina na kitanda huwa vimeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, namba yako ya simu imo kwenye daftari la ndugu wa wagonjwa lililofunguliwa mezani, na yeyote aliyeketi kwenye benchi saa za kuwaona wagonjwa anaweza kunakili ukurasa mzima huku akijifanya anatafuta jina la shangazi yake. Ukirudi kumwona muuguzi mkuu, mwombe pia walifunge daftari hilo na ubao waugeuzie ndani.