Kuigiza mtandaoni: kabla hamjachagua Zoom au YouTube, jiulizeni "pakawa" itarudi vipi

Mkuu uliyeuliza kuhusu kikundi chenu cha watu saba pale Temeke, mna mchezo wa saa moja na nusu, hela ya ukumbi hamna, na sasa mnabishana muurushe Zoom, YouTube au TikTok. Naona wengi wamekujibu "YouTube ndo kila kitu". Ngoja nikupe ya kwangu, maana hii njia tumeipita na kikundi chetu cha Sinza tangu 2020 na tumekula za uso karibu kila kona.

Mchezo wetu unaanza kama ngano za zamani. Bibi (ni dada tu wa miaka 26 aliyejipaka unga kichwani) anatoka, anakaa kwenye mkeka, anaita "Paukwa!" Ukumbini humfundishi mtu, watu wote "Pakawa!", na akishaipata hiyo pakawa ya kwanza anajua leo watu wamekujaje, aende mbio au awachekeshe kwanza. Anaita mara 11 mpaka mwisho, yaani mchezo mzima umeshonwa juu ya hiyo kitu. Nakueleza hivi kwa sababu kila sehemu tuliyojaribu mtandaoni tulikuja kuipima kwa hiyo pakawa, picha nzuri au mbaya ilikuwa baadae.

Zoom tulianza nayo 2020 kama dunia nzima. Ya bure inakata dakika 40, tulilijua hilo ila tukajidanganya kwamba tutaita "mapumziko", watu watatoka na kurudi kwa linki ileile. Waliingia 60 na kitu, waliorudi 23. Na ilikata bibi kafungua mdomo. Hiyo ni ubahili wetu, wala simlaumu mtu, lipieni mwezi mmoja, mkimaliza maonyesho mnasitisha.

Sasa pakawa. Tukawafungulia watu maiki wote, bibi akaita, kilichorudi ni "pa... ka... we Jeni funga geti... wa". Ile programu imetengenezwa kwa ajili ya vikao, inamtafuta anayeongea na wengine inawashusha, sasa watu 60 wakisema neno moja kwa mpigo yenyewe inahangaika nani mwenyekiti. Ngoma ndo ilikuwa balaa zaidi. Mpiga ngoma wetu alikaa kwake Kijitonyama, anapiga kwa moyo wote, Zoom ikaihesabu ngoma kama kelele za nyumbani ikaichuja, watazamaji wanaona jamaa anarusha mikono kama anafukuza mbu na sauti hamna. Kuna setingi imeandikwa Original Sound, iwasheni kabla ya kitu kingine chochote, sisi tuliijua baada ya maonyesho matatu. Na msije mkajaribu watu wawili walio nyumba tofauti kuimba pamoja, sauti inachelewa kidogo sana ila huo uchache unatosha kuua wimbo. Mmoja aimbe, wengine wafunge maiki wachezeshe midomo, hakuna atakayejua.

Ila Zoom ina raha zake. Kuingia na kutoka jukwaani ni kuwasha na kuzima kamera, mradi watazamaji mmewaambia mapema waweke setingi ya kuficha wasio na video, la sivyo wanaona kiboksi cheusi chenye jina la mtu wakati "ameshakufa". Kingine ni mpangilio wa viboksi, wa kwangu sio wako. Tulikuwa na sehemu mtoto anampitishia mama bakuli la uji upande wa kushoto, ananyoosha mikono nje ya picha, mama anapokea. Kwetu mazoezini safi. Siku ya siku, kwenye skrini za watu bakuli lilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi ambaye alikuwa bado anajikuna akisubiri zamu yake. Watu walicheka kuliko utani wowote tuliowahi kuandika, tukaiacha hivyohivyo. Kama hamtaki, mwenye mkutano anaweza kupanga viboksi na kuwafanya wote waone mpangilio wake. Na mkitumia kitambaa cha kijani ili muweke mandhari ya bandia nyuma, kagueni nguo, maana kila penye kijani panageuka mandhari. Shangazi alivaa kanga yenye pindo la kijani, akatokea na bahari ya Coco Beach kifuani.

2021 tukahamia YouTube na hapo nakiri uzembe. Akaunti ilikuwa mpya, hatukusoma kwamba mara ya kwanza kuwasha laivu unathibitisha namba ya simu halafu unaweza kusubiri mpaka saa 24. Tuligundua saa kumi jioni na onyesho ni saa mbili usiku. Tukawaambia watu kuna dharura ya kifamilia, Mungu atusamehe. Kingine, ukirushia kwenye simu kuna sharti la idadi ya wafuasi kwenye chaneli, kwenye kompyuta ukitumia OBS, programu ya bure ya kurushia laivu, sharti hilo halipo.

Kwa picha, YouTube ndo baba lao, sikatai. Mwenye bando la kuunga unga anashusha ubora wa picha mpaka 144p, ule wa chini kabisa, na bado anaona kivuli cha bibi. Lakini sikia kilichotokea. Bibi kaita "Paukwa!" Kimya. Kasubiri. Kimya. Akaona isiwe tabu, akaendelea mwenyewe "Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kaka...", akaingia kwenye hadithi, akafika mahali mzee anafariki, watoto wanalia, ndo zinaanza kumiminika kwenye komenti: pakawa, pakawaaa, pakawa bibi, na vikatuni vya kucheka juu. Msiba unaendelea na watu wanaitikia. Laivu inachelewa sekunde kadhaa kumfikia mtazamaji na komenti yake nayo inachelewa kurudi. Unaweza kuupunguza huo ucheleweshaji kwenye setingi, ila ukiubana sana mwenye mtandao dhaifu anaanza kukatikiwa kila baada ya sentensi. Kwa hiyo unachagua moja, awahi kuitikia au aone bila kukwama. Walionijibu mimi wakati ule "nenda YouTube" hakuna aliyenitajia hilo. Na msipige taarabu ya mtu kama muziki wa katikati, mfumo unaitambua hata kwenye laivu na mnaweza kukatwa katikati ya mchezo.

TikTok na Instagram laivu sitakaa sana. Skrini imesimama wima, inabeba mtu mmoja au wawili, na watu wanapanda na kushuka kama daladala, aliyepanda dakika ya 30 hajui nani kamuibia nani. Mchekeshaji wa peke yake anayetukanana na komenti anafaidi sana humo. Mchezo wenu wa watu saba mtauvunja miguu tu. Sisi tunapeleka klipu za sekunde 40 za kutangazia, basi.

Kilichotubeba ni WhatsApp, na ilikuja kwa bahati mbaya. Siku ya mazoezi 2022 umeme ulikatika mtaa mzima, bibi akasema sehemu yake anaituma kwa voisi kwenye grupu letu ili tusipoteze siku. Mimi niliisikilizia kwenye daladala ya Mbezi, nimesimama, spika moja sikioni, nikapitilizwa vituo viwili. Ni dakika 3 tu za mtu anasimulia alivyomkuta mumewe sokoni! Nikawaambia wenzangu tuache kamera.

Tukaukata mchezo vipande sita, usiku sita, kila saa tatu usiku voisi tatu za dakika mbili au tatu. Voisi ya dakika 3 haifiki hata MB 1, wakati saa moja ya video ya kawaida inakula mamia ya MB, kwa mtu wa bando la siku hiyo ni tofauti ya kuja na kutokuja. Kiingilio buku tatu kwa lipa namba, ukilipa unaingizwa kwenye grupu. Grupu limefungwa, wanaotuma ni maadmini tu, ila baada ya bibi kutuma "Paukwa!" yake tunalifungua dakika tano.

Usiku wa kwanza walijibu wanne, kwa maandishi. Wa pili mama mmoja akatuma voisi yake, yeye na watoto kama watatu hivi wanapiga kelele nyuma. Baada ya hapo ikawa fujo tamu, kuna bodaboda alijibu injini inanguruma, kuna mmoja yuko Muscat kajibu kwa kunong'ona maana mabosi wake wamelala. Hapo ndo kijana wetu wa sauti akapata akili: akazikusanya pakawa zote za usiku ule, akazilaza juu ya nyingine zikawa pakawa moja, na kesho yake sehemu mpya ikaanza hivyo, bibi anaita na grupu zima linaitikia kwa sauti zao wenyewe. Watu walikuwa wanajitafuta humo ndani, "dakika ya sifuri hapo huyo ni mimi". Ule uchelewaji uliotuua YouTube, hapa tukaupa kazi.

Sio kwamba tumegundua kitu, wazee wetu walilelewa na michezo ya redio ya RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), na kule Uingereza kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare Company walishaigiza Romeo na Juliet kwa Twitter mwaka 2010, wiki tano, wahusika wanaandika kana kwamba ni maisha yao na watu wanawajibu.

Kasoro ya WhatsApp ni mbili. Voisi zinasambazwa, utakuta shangazi yako wa Tanga anakusimulia sehemu ya nne na buku tatu hakulipa, hilo tumelimeza. La pili sio la kumeza: kwenye grupu namba za watu ziko wazi, na mtazamaji wetu mmoja alisumbuliwa wiki nzima na mwanaume aliyechukua namba yake humo. Tulimtoa yule jamaa ila kosa lilikuwa letu. Siku hizi vipande tunaviweka kwenye chaneli ya WhatsApp ambako namba hazionekani, na pakawa kila mtu anaituma moja kwa moja kwenye namba ya kikundi. Inapoa kidogo, ila naipendelea hivyo.

Kwenu nyie: kama wote saba mnaweza kukaa nyumba moja na mnategemea sura na miili, YouTube, kamera moja, na futeni kila sehemu inayosubiri jibu la mtazamaji. Kama mpo nyumba tofauti na mnataka kumsikia mtu akicheka, Zoom ya kulipia, watazamaji wasizidi 30, mpunguze mpaka dakika 50. Kama utamu uko kwenye maneno, jaribuni voisi. Na vibali ulizeni mapema, BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kwa usajili wa kikundi, Bodi ya Filamu maana michezo ya jukwaani ipo kwenye sheria yao ya 1976, na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) wana kanuni za maudhui ya mtandaoni, msisubiri mpaka wiki ya onyesho.

Halafu hujasema mchezo wenu una ngoma au hauna. Kama unayo nijibu kabla hamjailipia Zoom.